Gari Linanenepa, Geti Halinenepi: Namna ya Kupima Kabla Hujaagiza

Daftari langu la kwanza la oda ni la mwaka 1998, lile la kaunta lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa mwalimu wangu wa kuchomelea: "Geti futi 8, mbawa mbili, Tabata." Futi nane ni mita 2.44. Enzi hizo hilo lilikuwa geti la mtu mwenye gari, na la kujivunia. Mwenyewe alikuwa na Corolla na aliingia huku anasalimia watu dirishani. Kwenye daftari la pili futi tisa na futi kumi zinaanza kushika kurasa. Kwenye hili ninaloandikia sasa, mtu akija na futi kumi namuuliza mara mbili kama ana uhakika. Oda nyingi ni futi kumi na mbili, na za kumi na nne zinakuja.

Watu hudhani ni majivuno tu. Majivuno yapo, sikatai. Lakini viwanja vya mtaani kwetu ni vilevile, kichochoro ni kilekile alichopita mwalimu wangu na mkokoteni wa vyuma, na ukuta wa jirani haujasogea hata inchi. Kilichosogea ni gari. Na kwa kuwa haupiti mwezi sijaitwa kukata geti nililolifunga kwa mikono yangu mwenyewe, nimeona niandike namna ya kupima. Kukata geti na kuhamisha nguzo ni gharama kuliko kutengeneza jipya, na mteja huwa ananiangalia kana kwamba kosa ni langu.

Kwanza ujue limenenepa kiasi gani

Chukua Corolla, maana kila mtu anaijua. Ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1966 ilikuwa na urefu wa mita 3.85 na upana wa mita 1.485. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 710. Ile ya 1991, ambayo mafundi gereji tunawasikia wakiiita AE100, ilifika upana wa mita 1.685. Corolla ya sasa inayouzwa nchi nyingi ina urefu wa mita 4.63 na upana wa mita 1.78. Jina ni lilelile, lakini mwili umeongezeka karibu sentimita 30 kwa upana na karibu 80 kwa urefu.

Si Wajapani peke yao. Mini ya Uingereza ya 1959 ilikuwa na urefu wa mita 3.05 na upana wa mita 1.41. Mini iliyotoka 2014 ina mita 3.82 kwa 1.73. Golf ya 1974 ilikuwa na upana wa mita 1.61, ya sasa ni 1.79. Huko Ulaya waliopima magari mapya waliona wastani wa upana umetoka sentimita 177.8 mwaka 2018 na kufika 180.3 mwaka 2023. Ukipiga hesabu ni kama sentimita moja kila miaka miwili. Geti likikaa miaka ishirini, na mageti yangu yanakaa, hapo pana sentimita kumi.

Sababu niliiona kwenye skrepa, sikuisoma kitabuni. Nimewahi kukata milango ya magari mabovu kwa ajili ya mabati. Mlango wa gari la miaka ya sabini ni bati mbili na hewa katikati, ukiugonga kwa kidole unalia kama debe. Mlango wa gari la sasa una nondo nene imelala kwa ndani kuzuia gari lingine lisiingie ubavuni, una mota ya kioo, spika, na kwenye viti na darini kuna mifuko ya hewa. Vyote hivyo vinataka nafasi. Ulaya walipoanza kugonga magari mapya makusudi na kuyapa nyota za usalama, mwaka 1997, kila mtengenezaji akazidi kuongeza nyama ubavuni. Halafu watu wakapenda magari ya juu, na gari la juu lazima litanuke chini lisipinduke. Kwa hiyo sisemi unene huo ni upuuzi. Nasema tu unaishia kwenye nguzo yako.

Sasa kuna jambo la Kijapani ambalo kila anayeagiza gari anapaswa kulijua. Kule sheria inatenga gari dogo la kawaida: lisizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2, na injini ya petroli isizidi sisi 2,000 (cc, yaani ujazo wa injini). Likivuka hata kipimo kimoja linaingia daraja jingine la namba. Zamani kuvuka mstari huo kulikuwa na kodi nzito. Ndiyo maana ukipima magari mengi tuliyoyazoea barabarani unakutana na namba ileile, mita 1.69 au 1.695. Mtengenezaji alikaa nusu sentimita chini ya mstari kwa makusudi. Mwaka 1989 kodi ilibadilishwa, adhabu ya upana ikaondoka, na tangu hapo wakaanza kutanuka taratibu.

Mfano mzuri ni IST. Ile ya 2002 ina upana wa 1.695. Ile ya 2007 ina 1.725. Tangazoni zote ni IST, na dalali atakuambia ni kitu kimoja. Angalia namba ya chesisi: inayoanza na NCP60, NCP61 au NCP65 ni ile nyembamba, inayoanza na NCP110 ni pana. Sentimita tatu si nyingi, lakini nimeona geti ambalo sentimita tatu ndizo zilizokuwa zimebaki.

Hata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimekua. Gari la daraja dogo kabisa Japani miaka ya 1950 lilipewa ukomo wa mita 3 kwa 1.3. Mwaka 1976 wakaongeza hadi 3.2 kwa 1.4, mwaka 1990 urefu ukawa 3.3, na mwaka 1998 ikawa 3.4 kwa 1.48. Suzuki Carry inayobeba nyanya asubuhi ina upana wa mita 1.475. Hapo napo wamekaa nusu sentimita chini ya mstari.

Soma vipimo kwenye tangazo, usisome jina

Mteja wangu mmoja, mama mfanyabiashara, aliuza Prado yake akaagiza Prado. Aliniambia hana haja ya kupima, "Fundi, ni gari lilelile, jipya tu." Prado aliyokuwa nayo, ile ya toleo la 150, ina upana wa mita 1.885. Mpya, ya 250, ina mita 1.98, sawasawa na Land Cruiser 300. Ameongeza karibu sentimita kumi bila kujua. Siku gari lilipotoka bandarini lililala kwa jirani, na mimi niliitwa asubuhi kabla sijanywa chai.

Tangazo la gari la Japani huwa na vipimo vitatu: urefu, upana, kimo. Chini yake utaona namba ya mita za ujazo. Watu wengi huiruka, lakini ndiyo inayotumika kupigia nauli ya meli. IST ya kwanza ni 3.855 kuzidisha 1.695 kuzidisha 1.53, unapata mita za ujazo 10. Vitz ya 1999 ni kama 9. Kwa hiyo unene unaanza kuulipia ukiwa bado baharini.

Kipimo cha upana kwenye tangazo hakihesabu vioo vya pembeni. Kipimo ni cha bodi peke yake. Mimi huongeza sentimita 25 kwa vioo vyote viwili. Kwa magari makubwa naongeza 30. Ukisema utakuwa unavikunja kila ukiingia, sawa, nimewasikia wengi wakisema hivyo, na nimeona vioo vyao.

Hesabu yangu ya geti ni hii. Upana wa bodi, jumlisha vioo sentimita 25 (30 kwa gari kubwa), jumlisha sentimita 30 kila upande za kupumua. IST ya kwanza: 1.695 na 0.25 na 0.60, jumla 2.545. Hiyo ni futi nane na nusu hivi, kwa hiyo futi tisa inakutosha. Land Cruiser 300 kwa hesabu hiyohiyo inataka mita 2.88, yaani futi tisa na nusu hivi, kwa hiyo futi kumi, na hapo ni kama unaingia ukiwa umenyooka kama mshale. Ni wangapi kwetu wanaingia wamenyooka?

Tembea na fito

Kabla ya kuligusa geti, anzia barabara kubwa. Nimeona mtu ametengeneza geti la futi kumi na nne ndani ya kichochoro ambacho gari lake haliwezi kukifikia.

Tafuta fito au ubao mwembamba. Ukate uwe na urefu sawa na upana wa gari unalolitaka pamoja na vioo. Kwa Land Cruiser 300 ni mita 2.28 hivi, kwa IST mita 1.95. Shika wewe upande mmoja na mtoto wa nyumbani upande mwingine, fito ikiwa imelala mlalo, kimo cha kiuno. Anzeni barabarani mtembee hadi getini. Kila fito inapogusa, ama nguzo ya umeme, ama ngazi ya duka, ama jiwe ambalo mzee wa kona ameliweka kulinda ukuta wake, weka alama ya chaki. Mtachekwa. Mimi nilichekwa Manzese na watoto wakatufuata kama harusi, lakini mteja aligundua kwamba kibaraza cha muuza genge kinamnyima sentimita 20, akaenda kuzungumza naye kabla ya kutoa pesa ya gari.

Rudieni tena fito ikiwa kimo cha bega, maana vioo vya gari la juu viko huko, na huko ndiko yanakokaa mabati ya vibanda na madirisha yanayofunguka nje.

Kisha kona. Hapa fito haitoshi. Gari likikata kona, matairi ya nyuma hayafuati ya mbele, yanavuta ndani. Gari likiwa refu yanavuta zaidi. Land Cruiser 300 inahitaji nusu kipenyo cha mita 5.9 kugeuka. Kwa uzoefu wangu, kichochoro cha mita sita kinamruhusu mwenye gari dogo kuingia geti la futi kumi kwa mkato mmoja. Kichochoro cha mita nne kinataka futi kumi na mbili kwa gari dogo na kumi na nne kwa kubwa. Kikiwa mita tatu, usiongeze geti. Lirudishe ndani. Vunja ukuta kipande, sogeza geti ndani mita moja na nusu, na kata pembe za ukuta ziwe za mshazari. Unapoteza kajieneo ka bustani, lakini unaacha kupiga rivasi mara nne huku bodaboda wanakupigia honi.

Geti lenyewe: futi kumi si futi kumi

Hapa nakiri kosa langu. Miaka ya mwanzo nilimtengenezea mzee mmoja geti la futi nane kamili, nguzo kwa nguzo. Mbawa zilifunguka ndani na kusimama katikati ya nguzo. Sikupiga hesabu kwamba kila ubawa ukisimama wazi unakula unene wake pamoja na bawaba. Kwa skwea paipu ya inchi mbili ni kama sentimita saba kila upande. Futi nane za mita 2.44 zikabaki 2.30. Kwa Corolla yake hakuona tofauti. Mwanawe alipokuja na gari la kisasa ndipo ilipoonekana.

Kwa hiyo ukimpa fundi oda usimwambie "geti futi kumi". Mwambie "nataka nafasi wazi ya futi kumi, mbawa zikiwa zimefunguliwa". Kama mbawa zinafunguka ndani, afunge bawaba kwenye uso wa ndani wa nguzo, siyo katikati, ili ubawa ukifunguka ulale nyuma ya nguzo. Kama ukuta wa pembeni una nafasi, geti la kuslaidi ni bora zaidi, halili kitu. Lakini geti la kuslaidi la futi kumi na mbili linataka ukuta wa futi kumi na tatu wa kulilaza, tena usio na mti, wala tenki, wala choo cha nje. Pima kwa tepu, usikadirie kwa hatua.

Kimo nacho. Geti lenye boriti au paa la zege juu, pima kutoka chini hadi juu. Magari ya juu yanakaribia mita mbili bila keria. Weka mita 2.7, na kama utaleta lori la mchanga siku moja, usiweke boriti kabisa.

Uwanja: chora kwa chokaa

Nunua kilo mbili za chokaa. Chora ardhini umbo la gari lako jipya, urefu na upana wake halisi, pale unapotaka lilale. Kisha chukua kijiti cha mita moja na ukiweke pale milango ilipo. Mlango wa mbele unataka walau sentimita 70 mtu atoke bila kujikunja, na kama nyumbani kuna mama mzee au mgonjwa, acha mita nzima. Nyuma acha mita moja ya kufungua mlango wa mizigo. Uingereza sehemu ya kupaki gari kwa kawaida huchorwa mita 2.4 kwa 4.8. Land Cruiser ya mita 4.98 ukiiweka humo, pua au mkia unabaki nje. Usinakili vipimo hivyo nyumbani.

Acha chokaa ikae siku mbili. Watu wa nyumbani wapite, waanike nguo, wachote maji. Kama kila mtu anaikanyaga akienda jikoni, ujue gari hilo litagombana na familia.

Usisahau kalavati la mtaroni. Corolla ya kilo 710 na Land Cruiser ya karibu tani mbili na nusu hazipiti kwenye slabu moja. Kama slabu ya mbele ya geti ilimwagwa na babu yako, chungulia chini yake. Ukiona nondo zimetoka na kutu, zege jipya lianze kabla ya gari. Na mwinuko wa kuingilia ukiwa mkali, gari refu hugusa katikati hata kama magurudumu ni makubwa. Shusha mwinuko uanzie mbali.

Pikipiki na mlango mdogo

Siku hizi wenye pikipiki ni wengi kuliko wenye magari, na bado watu wanaagiza mlango mdogo wa geti wa sentimita 70, kama wa mtu na kapu. Honda Super Cub ya 1958, mama wa pikipiki nyingi, ilikuwa na sisi 50 na upana usiofika sentimita 60. Ilipita popote. Bodaboda ya leo ina sisi 100 hadi 150, usukani wake unapita sentimita 70, na ukihesabu vioo, vyuma vya kukinga miguu na ule mwavuli, unakaribia sentimita 90. Dereva anaiingiza kwa kukunja usukani na kuikwaruza rangi ya geti langu. Mimi sasa natengeneza mlango mdogo wa sentimita 100, na kizingiti cha chini hakizidi inchi mbili. Ukitaka kizingiti kirefu kuzuia maji ya mvua, kiwe cha kutoa, na kibati cha mteremko kikae pembeni. Bajaji haipiti humo hata kwa dua, upana wake ni kama mita 1.3. Hiyo ifunguliwe ubawa.

Pikipiki kubwa nazo zimenenepa, ila hizi angalau zimeanza kujirudi. Mwaka jana wasafiri wawili walifikia nyumba ya wageni niliyoifunga mageti, wana BMW zenye masanduku ya bati kila upande. Zilikwama mlango mdogo kama ng'ombe mwenye pembe. BMW R80 G/S ya 1980 ilikuwa na kilo 186 ikiwa na mafuta. R1250GS imefika kilo 249. Ya sasa, R1300GS, wameipunguza hadi 237. Masanduku yalibidi yafunguliwe usiku, na mmoja wao akanisaidia kushika tochi.

Ukimaliza yote hayo, fanya kama ninavyofanya mimi: nyuma ya geti, pembeni ya komeo, andika kwa rangi nafasi wazi halisi, kwa sentimita. Mwanawe yule mzee wa futi nane alinipigia mwezi uliopita. Nguzo moja inaegemea ukuta wa jirani, haisogei. Tumetoa mbawa, tumeweka la kuslaidi, zimerudi sentimita kumi na nne. Nimemwandikia nyuma yake 244. Anaingia, ila vioo bado anavikunja.